PIERRE CURIE: MTU WA SUMAKU TULIYEMFANYA MUME WA MTU

Wadau, wiki iliyopita kwenye maoni ya hapa kulizuka ubishi. Mdau mmoja aliuliza hilo joto la Curie linalotajwa kila mara kwenye habari za sumaku nyembamba za maabara ni la Curie yupi. Wa pili akamjibu haraka haraka kuwa ni Madam Curie, yule mama wa radiamu. Wa tatu akamalizia kwamba mume alikuwa msaidizi tu wa kushika chupa. Nikasema hapana, hili haliwezi kupita hivi hivi. Joto la Curie ni la mume. Tena kazi yenyewe aliimaliza kabla hajaoa, na kama radiamu isingegunduliwa kabisa jina lake lingekuwa bado kwenye kila kitabu cha sumaku duniani.

Mimi sina ugomvi na Marie Curie. Mama yule alikuwa kichwa, na Nobel zake mbili alizipata kwa jasho. Ila tumezoea kumkumbuka mmoja kwa kumsahau mwingine, na huyu aliyesahaulika ndiye anayezungumzwa siku hizi kwenye maabara za Marekani, China na Ulaya, mia moja na zaidi ya miaka baada ya kufa. Kwa hiyo leo naomba mnivumilie, habari ni ndefu kidogo.

Pierre alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, Eugène Curie, alikuwa daktari mwenye msimamo wake, mpenda jamhuri, asiyekanyaga kanisani. Mwaka 1871, wakati wa Komuni ya Paris watu walipokuwa wanauana mitaani, mzee huyo aliigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kutibia majeruhi. Sasa huyu mzee aliona mtoto wake Pierre hafai kupelekwa shule. Sio kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa mtoto wa kuzama: akishika jambo moja haachi mpaka aliishe, ukimhamisha ghafla kutoka somo hili kwenda lile anachanganyikiwa. Shule yenye kengele kila baada ya saa ingemmaliza. Basi akasomea nyumbani kwa mama, baba na kaka yake Jacques, na alipofika miaka 14 wakamtafutia mwalimu wa hesabu. Hapo ndo moto ukawaka. Miaka 16 ana cheti cha kumaliza sekondari, miaka 18 ana shahada ya sayansi. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati la shule!

Mwaka 1878 akaajiriwa kama msaidizi wa maabara Sorbonne. Jacques naye alikuwa anafanya kazi na mawe na fuwele. Wawili hao wakaanza kujiuliza swali ambalo kwa sura ni la kitoto: fuwele ukiibana, inatokea nini ndani yake? Mwaka 1880 wakapata jibu. Fuwele za aina fulani, kama kwatzi na tomalini, ukizibana zinatoa chaji za umeme kwenye nyuso zake. Sio zote, ni zile tu ambazo mpangilio wake wa ndani hauna kitovu cha ulinganifu, yaani upande huu haufanani na upande wa pili. Mwaka uliofuata, 1881, Gabriel Lippmann akapiga hesabu akaonyesha kwamba lazima na kinyume chake kiwe kweli: ukiipa fuwele umeme, itajikunja au kujinyoosha. Ndugu hao wakaingia maabara, wakapima, kweli ikawa hivyo.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana mtu anaweza kuona ni mambo ya wazungu na mawe yao. Ile saa ya mkononi iliyoandikwa kwatzi kwa Kiingereza, ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde kwa sababu kinapewa umeme. Kile kiberiti cha gesi unachobonyeza kikalia tak na cheche ikatoka, ni hao hao ndugu wawili. Mashine ya kumwangalia mtoto tumboni kwa mama mjamzito inatumia vitu vya ukoo huo huo, na aliyefungua njia ya kutumia kwatzi kupiga sauti ndani ya maji wakati wa Vita ya Kwanza, Paul Langevin, alikuwa mwanafunzi wa Pierre.

Na kikubwa zaidi kwa habari yetu ya leo: hapo kijana wa miaka 22 alikuwa ameshajifunza kwamba uga wa umeme unaweza kuigeuza maada kutoka ndani, bila moto, bila nyundo. Hilo halikumtoka kichwani.

Jacques akapata kazi Montpellier, wakatengana. Pierre akaenda kuwa mkuu wa kazi za maabara kwenye chuo cha manispaa ya Paris cha fizikia na kemia ya viwanda. Akakaa hapo miaka 22. Mshahara ulikuwa kama wa fundi wa kiwandani, na kuanzia asubuhi mpaka jioni yuko na wanafunzi. Chumba chake mwenyewe cha utafiti hakuwa nacho. Nasema tena, hakuwa nacho. Majaribio yake ya sumaku aliyafanya kwenye ujia, kati ya ngazi na chumba cha maandalizi, watu wanapita na vitu vyao. Wafaransa wenzake wakati huo walikuwa hawana habari naye. Lord Kelvin wa Uingereza, ambaye jina lake lilikuwa kubwa dunia nzima, ndiye aliyekuwa anamuulizia na kusifia vyombo vyake.

Sasa tuje kwenye sumaku. Watu walikuwa wanajua tangu zamani kwamba sumaku ukiipasha moto sana inakufa. Wahunzi wanajua. Ila hakuna aliyekuwa amekaa chini akapima kwa utaratibu, kitu kimoja kimoja, joto moja moja. Pierre akatengeneza mizani nyeti kabisa, akaweka tanuri la umeme, akaanza: oksijeni, maji, bismuthi, kwatzi, chuma, nikeli na vingine, kutoka joto la chumbani hadi zaidi ya nyuzi 1,300. Ikamchukua miaka. Majibu akayawasilisha kama tasnifu ya udaktari Machi 1895, akiwa na miaka 35. Mtu wa uwezo wake angeiandika akiwa na 25, lakini yeye vyeo havikumshughulisha. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa tabia nzuri iliyomgharimu vibaya, nitalirudia chini.

Alikuta makundi matatu. Kuna vitu vinavyosukumwa kidogo sana na sumaku, na joto karibu haliwahusu. Kuna vinavyovutwa kidogo, na nguvu ya kuvutwa inapungua sawasawa kadiri joto linavyopanda. Ukihesabu joto kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa, joto likizidi mara mbili nguvu inabaki nusu. Hiyo mpaka leo inaitwa sheria ya Curie. Halafu kuna kundi la chuma na nikeli. Hivi vina usumaku mkali, lakini kila kimoja kina joto lake ambalo kikilivuka usumaku wote unaanguka, kinageuka kuwa kama kundi la pili. Kwa chuma ni karibu nyuzi 770. Kwa nikeli ni karibu 358. Hilo ndilo joto la Curie, wadau. Likishuka tena, uwezo wa kuwa sumaku unarudi. Na Pierre aliona mfanano ambao wenzake hawakuuona: sumaku kupoteza nguvu kwenye joto fulani inafanana na kimiminika kinavyogeuka gesi. Fizikia ya mabadiliko ya hali za maada ilijengwa sana juu ya mfanano huo katika karne iliyofuata.

Anayetaka kuliona joto la Curie kwa macho yake asiende mbali. Lile sufuria la umeme la kupikia wali, la kawaida lile la kitufe kimoja, chini yake lina kipande cha sumaku kilichochanganywa makusudi ili joto lake la Curie liwe juu kidogo ya nyuzi 100. Maji yakiwepo sufuria haliwezi kupita 100. Maji yakikauka joto linapanda, kipande kinapoteza usumaku, springi inavuta, unasikia tak, swichi imeruka. Mama yuko sebuleni anaangalia tamthilia, wali hauungui, na hakuna kompyuta hata moja humo. Hapo kuna tasnifu ya 1895 inafanya kazi kila siku jioni Kariakoo na Kinondoni.

Lakini mimi nikiulizwa kazi yake kubwa kuliko zote, sisemi radiamu, sisemi hata joto la Curie. Ni makala ya mwaka 1894 kuhusu ulinganifu. Hii wengi hawaijui kwa sababu haina chombo cha kuonyesha, ni mawazo matupu. Alichouliza ni hivi: kwa nini baadhi ya mambo hutokea na mengine hayatokei kamwe? Akajibu kwamba ulinganifu uliomo kwenye chanzo lazima uonekane kwenye matokeo, na kama matokeo yamepinda upande mmoja, basi lazima kuna kitu kwenye chanzo kilichopinda vile vile. Vitu vinavyokosa ulinganifu ndivyo vinavyozaa matukio. Mtu aliyebana fuwele kwa miaka mingi alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Kisha akaingia kwenye umeme na sumaku. Uga wa umeme, akaonyesha, ni kama mshale: una kichwa na mkia. Uga wa sumaku watu wanauchora kama mshale pia, lakini kwa undani ni kama gurudumu linalozunguka, maana usumaku unatokana na chaji zinazozunguka. Weka mshale mbele ya kioo, umesimama sambamba nacho, picha inaelekea upande ule ule. Weka gurudumu linalozunguka kwenye ekseli iliyo sambamba na kioo, kwenye picha linazunguka kinyume. Ni viumbe viwili tofauti. Kwa hiyo ukiweka umeme tu kwenye kitu cha kawaida usitegemee kikawa sumaku, ulinganifu unakataza. Hapo hapo, akasema, kama kitu chenyewe kimekosa ulinganifu wa aina inayotakiwa, hakuna kinachozuia umeme ukizalishe kuwa sumaku, au sumaku ikizalishe umeme. Aliandika hayo mwaka 1894! Elektroni yenyewe ilikuwa bado haijatangazwa.

Watu wakajaribu, wakashindwa. Mwaka 1926 Peter Debye akalipa jambo hilo jina, bado hakuna aliyeliona. Kulikuwa na kipande kimoja ambacho Pierre hakukiweka kwenye hesabu: muda. Ukirudisha filamu nyuma, chaji iliyotulia inabaki vile vile, lakini gurudumu linageuka kuzunguka kinyume, yaani sumaku inapinduka. Maana yake kitu kinachotafutwa lazima kiwe chenyewe kina mpangilio wa usumaku ndani yake. Warusi ndio waliokamilisha. Dzyaloshinskii akatabiri mwaka 1959 kwamba oksaidi ya kromiamu, ile rangi ya kijani ya wachoraji, itafanya hivyo, na mwaka 1960 Astrov akapima akakuta kweli. Miaka 66 tangu makala ya Pierre.

Turudi kwake. Majira ya kuchipua ya 1894, rafiki wa Kipolandi akamkutanisha na mwanafunzi aliyekuwa anatafuta sehemu ya kufanyia vipimo vya usumaku wa vyuma. Ndiyo, sikosei, Maria Skłodowska alikuja kwa Pierre kwa sababu ya sumaku. Wakafunga ndoa Sceaux tarehe 26 Julai 1895, bila kanisa na bila pete, na pesa waliyopewa kama zawadi wakanunulia baiskeli, wakaenda nazo fungate. Binti wa kwanza, Irène, akazaliwa 1897.

Habari ya radiamu mnaijua, nitaipitia kwa kasi. Marie alianza kupima miale ya uraniamu, na alichokuwa anapimia ni chombo cha Pierre na Jacques: umeme mdogo mno unaotoka kwenye dawa unalinganishwa na chaji inayotolewa na kipande cha kwatzi kilichoning'inizwa uzito. Bila kwatzi ile namba zisingepatikana. Pierre alipoona namba za mkewe akaweka fuwele zake pembeni, akidhani ni kwa wiki chache. Hakurudi tena. Julai 1898 wakatangaza poloniamu, Desemba radiamu. Ikafuata miaka minne ya kuchemsha mawe yaliyotoka Bohemia, kwenye banda bovu linalovuja mvua lililokuwa uani kwa chuo, mpaka 1902 Marie akapata sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. (Miaka ya 1920 mawe yenye radiamu yalikuja kutoka Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo. Hiyo ni habari nyingine na ina machungu yake.) Hawakuchukua hataza. Wangeweza kutajirika, wakaacha.

Pierre alijiwekea radiamu mkononi makusudi ili aone inafanya nini. Ikamuunguza, akaandika siku kwa siku jinsi kidonda kilivyokwenda. Mwaka 1903 na Albert Laborde wakapima kwamba radiamu inatoa joto la kuyeyusha barafu zaidi ya uzito wake kila saa, na haichoki. Wakati huo miguu ilikuwa inamuuma usiku mpaka analia, wakidhani ni baridi yabisi.

Hapa ndipo pananiuma mimi. Huyu mtu maisha yake yote aliomba kitu kimoja, maabara. Mwaka 1900 chuo cha Geneva kilimpa uprofesa na maabara, akakaribia kuondoka. Wakamzuia kwa kumpa kazi ya kufundisha kwenye tawi la Sorbonne, mtaa ule ule aliozaliwa, vyumba viwili vitatu. Mwaka 1902 marafiki wakamlazimisha kugombea Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Utaratibu ulikuwa unazunguka nyumba kwa nyumba kwa wajumbe kujinadi. Pierre kujinadi! Inasemekana alikuwa anamsifia mpinzani wake. Akashindwa. Mwaka 1903 wakataka kumpa nishani ya Légion d'honneur, akajibu kuwa haoni haja ya nishani ila anahitaji sana maabara. Mwaka huo huo kamati ya Nobel ilikuwa inaelekea kumpa yeye na Becquerel tu. Msweden mmoja, mtaalamu wa hesabu Mittag-Leffler, akamtonya kwa barua, naye akaandika kwamba kama jina lake linafikiriwa basi lifikiriwe pamoja na la Marie. Ndo maana Marie yumo. Wale wanaosema mume alikuwa amembeba mke, na wale wanaosema mke ndiye aliyembeba mume, wote wakaisome hiyo barua.

Kuna jambo wanaomsifia hulificha, mimi naliweka mezani: miaka yake ya mwisho alihudhuria vikao vya mama mmoja wa Italia, Eusapia Palladino, aliyedai kusogeza meza kwa pepo, na Pierre alikuwa anaamini kuna kitu cha kupima pale. Hakuna kilichopatikana. Mtu aliyeona fuwele zinatoa umeme na jiwe linatoa joto bila kuisha labda aliona hakuna lisilowezekana. Ndo binadamu.

Pesa ya Nobel ilisaidia, lakini umaarufu ulimharibia kazi. Waandishi wa habari walijaa mpaka mlangoni. Mwaka 1904 Sorbonne wakamfungulia kiti cha uprofesa, na katika ahadi zote maabara ikawa inakuja kesho. Stockholm alikwenda kutoa hotuba yake Juni 1905 tu, kwa sababu ya ugonjwa na kazi. Humo alionya kwamba radiamu mikononi mwa wahalifu inaweza kuwa hatari kubwa, akajiuliza kama binadamu amekomaa vya kutosha kuzijua siri za maumbile. Akajibu mwenyewe kwamba anaamini mema yatazidi mabaya. Mwaka huo Chuo cha Sayansi wakamchagua, kwa kura chache za ziada.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya Alhamisi, mvua inanyesha Paris. Pierre ametoka kwenye mlo wa mchana na maprofesa wenzake, akapitia kwa mchapishaji akakuta pamefungwa kwa mgomo, akawa anaelekea upande wa mto. Pale mtaa wa Dauphine unapokutana na daraja la Pont Neuf, mwavuli mkononi, akavuka barabara akateleza mbele ya gari la farasi lililobeba sare za jeshi, mzigo wa tani kama sita. Gurudumu la nyuma likampitia kichwani. Alikuwa na miaka 46. Mtoto wa pili, Ève, alikuwa hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Watu wengi husema miguu iliyodhoofishwa na radiamu ndiyo iliyomwangusha. Inaweza kuwa, lakini barabara yenye utelezi na mtu mwenye mawazo mengi vinatosha kabisa. Novemba mwaka huo Marie akaendelea na kozi yake Sorbonne pale alipoishia. Maabara ya kweli, Taasisi ya Radiamu, ilikamilika 1914. Mwaka 1995 serikali ikawahamishia wote wawili Panthéon, kwenye makaburi ya mashujaa.

Sasa ile habari ya sumaku nyembamba iliyoanzisha ubishi. Mwaka 2004 huko Manchester, Novoselov na Geim walitoa tabaka moja la atomi kutoka kwenye grafiti, kile kitu cha ndani ya penseli, kwa kubandua na selotepu. Ndiyo grafini, wakapata Nobel 2010. Grafini inapitisha umeme vizuri ajabu na unaweza kuiongezea au kuipunguzia elektroni kwa volteji tu, lakini sumaku sio. Watu wakauliza: je, sumaku inaweza kuwa nene kama atomi chache tu ikabaki sumaku? Mwaka 1966 Mermin na Wagner walishathibitisha kwa hesabu kwamba kwenye bapa kama hilo, kama atomi ziko huru kuelekea popote, joto dogo tu linavuruga mpangilio wote. Njia ya kupenya ni moja: maada yenyewe iwe na upande inaoupenda.

Mwaka 2017 ikapatikana. Kundi la Xiaodong Xu wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Jarillo-Herrero wa MIT walibandua tabaka moja la ayodidi ya kromiamu, wakakuta bado ni sumaku, inayopenda kuelekea juu au chini tu. Joto lake la Curie ni nyuzi 228 chini ya sifuri. Mwezi huo huo kundi la Berkeley wakatoa habari ya maada nyingine ya ukoo huo.

Utamu uko kwenye matabaka mawili. Yakiwa mawili, moja linaelekea juu na lingine chini, yanafutana, kwa nje ni kama hakuna sumaku. Mpangilio huo, ukiupima kwa kanuni ya 1894 na ile nyongeza ya Warusi, umekosa ulinganifu kwa namna hasa inayoruhusu umeme kuzaa usumaku. Mwaka 2018 makundi mawili, moja la Xu na moja la Kin Fai Mak na Jie Shan, walisandwichi matabaka hayo kati ya vipande vya grafini, wakaweka volteji. Usumaku ukachomoza kulingana na umeme, na wakisaidiwa na uga wa sumaku wa nje, yale matabaka yaliyokuwa yanapingana wakayageuza yakaelekea upande mmoja na kuyarudisha, kwa volteji. Wakaona pia kwamba kwenye tabaka moja ukipunguza elektroni joto la Curie linapanda, ukiongeza linashuka. Lile joto ambalo Pierre alilipima kama tabia ya kuzaliwa ya kila kitu, sasa linasogezwa kwa swichi.

Kwa nini wembamba? Kwa sababu chuma kinene kinajikinga: elektroni za juu zinakusanyika na kuufuta uga wa umeme kabla haujaingia ndani. Kitu chenye matabaka mawili hakina ndani pa kujifichia. Na faida yake? Kuandika kumbukumbu kwenye sumaku kwa kawaida kunahitaji mkondo wa umeme, na mkondo ni joto na betri kuisha. Volteji peke yake, bila mkondo wa maana, inakula nguvu kidogo sana. Sisi watu wa mgao wa umeme tunaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Msikimbilie kusubiri simu za hivyo mwakani. Baridi ya nyuzi 228 chini ya sifuri haipatikani mfukoni, na ayodidi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa inaharibika, inabidi ishughulikiwe ndani ya sanduku lisilo na hewa ya kawaida. Mwaka 2018 hiyo hiyo kundi la Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walichukua maada nyingine yenye chuma, jemaniamu na teluriamu, wakaisukumia chaji nyingi kwa kutumia ayoni za lithiamu, na joto la Curie la vipande vyembamba likapanda mpaka joto la chumbani. Utafiti bado unaendelea.

Mwenye swali aweke kwenye maoni, nitajibu ninayoyaweza. Na kama kuna mwalimu wa sekondari amewahi kufanya lile jaribio la kuning'iniza msumari kwenye sumaku na kuupasha mpaka uwe mwekundu uanguke, atuandikie alitumia moto gani.